Maranda ya Keko yamenitoa machozi: nani anajua kupikia taka za mbao bila moshi?

mamalishe_keko
Jumapili, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mama lishe hapa Keko, Dar, kibanda changu kiko nyuma ya karakana za samani, mtaa ambao ukikatiza asubuhi unarudi nyumbani na vumbi la mninga kwenye nywele. Nalisha mafundi, wapaka rangi na vijana wa guta la mizigo, sahani kama 60 kwa siku, Jumamosi zinafika 80. Asubuhi chai na chapati, mchana wali, ugali, maharage, na samaki siku ile wauza samaki wa Feri wakiamka na roho nzuri.

Kinachonimaliza ni mkaa, na ndani ya mkaa kinachonimaliza ni maharage. Wali unaiva, ugali ni dakika chache, lakini maharage yanakaa motoni kama yamelipa kodi ya pango. Gunia nilianza nalo kwa 65,000, leo nanunua 95,000, na linanifikisha siku 9, nikibana 10.

Sasa kuna kitu kilikuwa mbele ya macho yangu mwaka wa tatu huu na sikukiona. Kila jioni karakana tatu za jirani zinafagia. Maranda, vumbi la mbao na vile vipande vidogo visivyofaa hata kigoda vinaingia kwenye viroba, fundi anamlipa kijana wa guta 3,000 akavitupe. Guta likikosekana vinawashwa mtaroni vifukize mpaka asubuhi. Alhamisi moja nimekaa nachagua mchele, guta la mkaa likawa linaingia kwangu, guta la maranda linatoka kwa fundi, wale vijana wakasalimiana mlangoni kwangu wakagongeshana ngumi. Mmoja nimemlipa mimi alete moto, mwenzake kalipwa auondoe. Nikajiona mjinga kweli kweli.

Basi nikaanza majaribio. La kwanza niliona video kwenye simu ya mwanangu, wanatengeneza "mkaa mbadala". Nikachukua vumbi la mbao debe moja, nikapika uji wa unga wa muhogo, nikakanda, nikafinyanga madonge ya ukubwa wa kitumbua, nikaanika siku 3. Yalikauka vizuri, nikajisifu. Jumatatu nikayapanga jikoni. Jamani, ule moshi! Mweupe, mzito, haupandi juu kama moshi wa watu, unashuka chini unatembea kati ya mabenchi. Mpaka rangi mmoja akasema, "Mama, leo supu umeitia ubani?" Watu wanne walibeba sahani zao wakaenda kula barabarani. Halafu madonge yenyewe yakapasuka, yakapita kwenye matundu ya jiko yakawa majivu kabla maji hayajachemka.

Jaribio la pili, wale wanaokata matawi chini ya nyaya za umeme walipita Chang'ombe wakaacha rundo la mwarobaini, mkungu na mwembe. Nikalipa guta 2,000 nikaletewa. Kuni zile zilikuwa zinalia. Zinatoa povu kwenye ncha, zinafoka kama mtu anayekoroma. Maharage saa tano kamili, na sufuria nilisugua mpaka mkono ukafa ganzi.

Naomba kujuzwa nilipokosea. Na kama maranda hayapikiki kabisa niambieni niache, nisiendelee kuwatesa wateja.

---

mtungi_mmoja
Jumapili, saa 4:02 usiku

Dada, gesi. Nchi ina Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, wewe unatafuta namna ya kurudi kwenye moshi. Uza hayo maranda kwa wafuga kuku, nunua mtungi, yaishe.

---

mamalishe_keko
Jumapili, saa 4:15 usiku

Mkuu, gesi ninayo, mtungi wa kilo 15. Chai, chapati, kukaanga samaki, vyote gesi, na naipenda. Weka maharage ya sahani 60 juu yake kila siku ndipo utajua mtungi una kitako. Sijakataa nishati safi, nakataa kupika maharage kwa bei ya nyama. Na lile katazo la kuni na mkaa ni kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, mimi sijafika huko, niombee nifike.

Wafuga kuku wanakuja, tena wanachagua maranda makubwa tu. Vumbi hawalitaki, linawapa kuku mafua.

---

fundi_pipa
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mama, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi pia ipokee, itakufaa siku nyingine. Nipo Mbagala, nachoma vifuu na kukusanya vumbi la mkaa mwaka wa sita huu. Kosa lako nimelifanya mimi kabla yako, tena kwa viroba kumi.

Ulichotengeneza si mkaa. Ni mbao uliyoibandika upya kwa uji. Mkaa ni mti uliopata joto kali huku umenyimwa hewa, moshi wake wote ukatoka huko huko tanurini. Ndiyo maana mkaa haukutoi machozi jikoni: machozi yameshamtoka mchomaji kule Kilosa au Handeni. Wewe madonge yako yana moshi wote wa mninga ndani, na uji juu yake.

Wale wa video walichoma kwanza, wakapata chenga nyeusi, wakasaga, ndipo wakatia uji. Mimi nachoma kwenye pipa la lita 200. Utaujua mwenendo wake kwa moshi. Mwanzo ni mweupe mzito, hayo ni maji. Kisha unaingia umanjano, unawasha koo, hapo usisimame upande wa upepo. Halafu unakuwa mwembamba wa buluu, karibu usiuone. Hapo ndipo unaziba juu na chini kwa udongo, usiache hata tundu la sindano, na hufungui mpaka kesho pipa limepoa, maana mkaa wa moto ukikutana na hewa unajiwasha wenyewe. Niliwahi kufungua saa moja usiku kwa pupa. Asubuhi nilikuta majivu na ndevu zangu fupi.

Uji: kwa kilo 10 za vumbi jeusi, unga wa muhogo kilo moja au pungufu. Ukizidisha unavuta moshi tena, ukipunguza yanabomoka. Wengine wanatia udongo, unashika vizuri lakini unakuachia jiko limejaa majivu. Anika siku nne tano kwenye jua la kweli. Likikauka, gonga mawili pamoja: yakitoa mlio wa vigae, tayari. Yakitoa mlio wa mkate, rudisha juani.

Lakini sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Usichome maranda yako yawe mkaa. Najinyima mteja kukuambia hivi. Kwanza vumbi tupu kwenye pipa linasumbua: linajibana, hewa haipenyi, pembeni majivu na katikati bichi. Pili, hesabu. Kilo 100 za mbao kavu zinakupa mkaa kilo 20, ukiwa na mkono mzuri 25. Kilo moja ya mbao kavu ina joto kama megajuli 18, ya mkaa kama 29. Umeingiza 1,800, umetoka na 700 na ushee. Zaidi ya nusu ya moto wako umekwenda na moshi kabla hujainjika sufuria. Anayetoa mkaa Handeni inamlipa, kwa sababu anataka kitu chepesi kubeba kisichooza njiani. Wewe maranda yako yako hatua ishirini. Unasafirisha nini?

Wewe unahitaji jiko la maranda. Mimi nililiona kwa shangazi yangu Moshi nikiwa mtoto, jirani na wapasua mbao. Tafuta debe la chuma la lita 20, lile la mafuta ya kula la zamani, au mwambie fundi bati wa Gerezani akukunjie. Ubavuni, chini kabisa, toboa tundu la kupitisha mti mnene kama mpini wa jembe. Simamisha chupa ya soda katikati ya debe, ingiza ule mti kwenye tundu mpaka ugusane na kitako cha chupa. Sasa mimina maranda makavu kuizunguka, kidogo kidogo, na ushindilie kwa mchi kila tabaka. Shindilia kama una hasira nayo. Ukijaza, zungusha chupa taratibu uivute juu, na mti uuvute pembeni. Umebaki na bomba la hewa lililopinda kama kiwiko. Washa kwa vijiti kupitia tundu la chini. Moto unapanda ndani ya bomba, ukuta wa maranda unajila wenyewe polepole, na moshi unaungua pale pale kwenye koo la bomba badala ya kukufuata benchini. Debe moja lililoshindiliwa vizuri linakwenda saa nne na zaidi bila kuguswa. Maharage hayo.

Ubaya wake: huwezi kuongeza maranda katikati, na huwezi kulizima ukaliwasha tena. Likitikiswa, bomba linaporomoka, mwisho wa habari. Kwa hiyo si jiko la chai.

Kuhusu matawi, povu lile ni maji. Tawi bichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na kila kilo ya maji inakula kama megajuli 2 na nusu ipate kuwa mvuke. Ulikuwa unachemsha maji ndani ya kuni badala ya ndani ya maharage. Kata vipande vya futi moja, vipasue, hata kile chembamba kipasue, maana ganda linafunga maji. Panga juu ya matofali, bati juu, pembeni wazi upepo upite. Kiangazi miezi miwili mitatu. Masika sahau.

Na jambo la mwisho: iwe mkaa, iwe jiko la maranda, usiliingize ndani usiku eti upate joto au ufukuze mbu. Gesi yake haina harufu, inakulaza moja kwa moja.

---

mamalishe_keko
Jumatatu, saa 8:50 mchana

Marahaba baba, Mungu akuzidishie. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kijana wangu wa kuosha vyombo alikuwa anasikiliza akasahau maji bombani.

Swali. Karakana ya kwanza wanafanya mninga na mkongo, vitanda na milango. Ya pili wanakata MDF za makabati ya jikoni, vumbi lake laini kama unga wa ngano. Ya tatu ni paini, mbao za kupaulia, na nyingi zina rangi ya kijani kijani. Yote sawa tu?

---

fundi_pipa
Jumatatu, saa 9:30 alasiri

Hapana! Umeuliza swali nililosahau kujibu, na ndilo kubwa.

Ya tatu kimbia. Ile kijani ni dawa ya mchwa na kuoza, na kwa kawaida ina shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni sumu ile ile unayoijua, na moto hauimalizi. Nyingine inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Sasa niambie ukweli, mama: sufuria zako unasugulia nini?

---

mamalishe_keko
Jumatatu, saa 9:34 alasiri

Majivu. Ya jiko lile lile.

Nimeishiwa nguvu ghafla.

---

fundi_pipa
Jumatatu, saa 9:52 alasiri

Ndiyo hivyo. Vipande vya nguzo za umeme zilizoondolewa nazo zina dawa, watu wanaziona kuni nzuri kwa sababu zimekauka. Mbao yenye rangi au vanishi, acha. MDF ni unga wa mbao ulioshikwa na gundi ya kiwandani, ukiichoma kwa moto hafifu wa jikoni unapumua gundi. Mwachie fundi.

Mninga na mkongo chukua, tena hizo mbao za samani zimeshakaushwa, maranda yake makavu kuliko yale ya kiwanda cha kupasulia magogo. Ila ukiyamimina funga kitambaa puani, vumbi la mbao ngumu si rafiki wa mapafu.

Jiko ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni fagio. Jioni yule kijana anafagia vyote rundo moja, mninga, MDF, kijani, na misumari juu. Yakishachanganyika hakuna atakayeyatenganisha, si wewe wala mwenye mashine ya mamilioni. Kwa hiyo usikubali maranda ya kwenye guta. Peleka kiroba chako chini ya msumeno wa karakana ya kwanza asubuhi, kabla ya fagio.

---

mti_na_barafu
Jumanne, saa 5:10 usiku

Salamu kutoka Saint Paul, Minnesota, leo asubuhi nyuzi 14 chini ya sifuri na mimi nilikuwa juu ya mti. Kwetu ni Njombe ila nimeishi Dar, Kurasini, kwa hiyo hilo vumbi la Keko nalijua kwa ladha.

Kazi yangu huku ni kukata miti ya mjini. Kuna mti unaitwa ash, ulipandwa barabara nzima nzima, sasa unauawa na mdudu mdogo wa kijani aliyetoka Asia. Aligunduliwa Michigan mwaka 2002, hapa Saint Paul wakamkuta 2009. Ukibandua ganda la mti uliokufa unakuta vijia vya kujipinda vya funza wake, kama mtoto amechorachora kwa msumari. Mti uliokufa hivyo ni hatari, unakatika bila taarifa, basi jiji linatulipa kuutoa. Mashine inautafuna unakuwa chipsi (wenye njaa msinielewe vibaya), na lori linapeleka.

Katikati ya jiji, kando ya mto Mississippi, kuna mtambo unaokula taka hizo za miti tangu 2003. Unatoa umeme kama megawati 25, na joto linalobaki linachemsha maji yanayozunguka kwenye mabomba chini ya barabara kupasha maofisi na nyumba. Kuna asubuhi napeleka mzigo pale kwenye uwanja wa chipsi, theluji kila mahali, lakini rundo lenyewe linatoa mvuke kama chungu cha makande. Ni bakteria na ukungu wanaokula mti mbichi ndani ya rundo. Rundo likiachwa refu na la muda mrefu linaweza kujiwasha, kwa hiyo wanalizungusha. Nakuambia hilo, mama, usije ukarundika viroba vya maranda yenye unyevu ukutani.

Na huku pia, mbao ya rangi na ya dawa haiingii mle. Fundi_pipa amesema kweli kuhusu fagio.

---

kijana_fursa
Jumanne, saa 5:31 usiku

@mti_na_barafu kaka hii ndiyo fursa yenyewe! Dar miti kibao, matawi yanatupwa hadi Pugu Kinyamwezi, kwa nini tusiandike andiko la mradi, megawati 25 kama hizo, tuiuzie gridi? Au hata bayogesi, tunatia matawi kwenye mtambo yanaoza tunapata gesi. Niko siriasi, njoo inbox.

---

mti_na_barafu
Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Mdogo wangu, nilikuja huku nikiwa na ndoto hiyo hiyo kwenye begi. Nikaitoa.

Bayogesi ya matawi haipo. Wale wadudu wa kwenye mtambo wanakula kinyesi, maganda ya ndizi, nyanya zilizooza za sokoni. Mti una kitu kinachoufanya usimame wima dhidi ya upepo miaka hamsini, na wadudu wale hawana meno ya kukitafuna. Ungesema maganda ya soko la Mabibo ningekusikiliza.

Umeme sasa. Mtambo wa kuni ukizalisha umeme peke yake, joto unalolitupa ni zaidi ya umeme unaoupata. Huku halitupwi kwa sababu miezi mingi ya mwaka mtu bila joto anakufa, kwa hiyo wananunua vyote viwili. Dar nani atanunua bomba la maji ya moto, Februari? Kwetu Njombe kiwanda cha miti ya miwati kina mtambo wa megawati 2.5 tangu 1995, tumekua tukiuona moshi wake. Lakini pale msitu ni wao, uko mlangoni, na mvuke wanauhitaji kiwandani kukamulia magamba. Wewe matawi yako yako mitaa mia mbili, mbichi, yana waya ndani, na kati yake na mtambo kuna foleni ya Buguruni. Utachoma dizeli kupeleka maji.

Taka ya mti ina thamani pale inapotoka na anayehitaji joto yuko karibu. Mwenye oveni ya mikate, mchoma matofali, mama lishe. Huyu mama ameshawashinda wahandisi wengi kwa kuwa hatua ishirini tu kutoka kwenye msumeno.

---

bint_kisauni
Jumatano, saa 10:05 jioni

Dadangu pole na machozi. Mimi ni wa Mombasa, huku twasema makaa, nyinyi mwasema mkaa, jicho lawasha vile vile. Serikali yetu ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018 makaa yalitupanda kichwani, nikawa naenda Kongowea kwa wanaokuna nazi kwa mashine, naokota vifuu. Siku hizo walikuwa wakitupa, wakinishukuru.

Nakuongezea hili kwa ajili ya chapati zako siku mtungi ukikuishia. Kifuu kikavu kina moto wa hasira. Washika upesi, wawaka juu, wapika chapati kumi na tano kisha wafa. Kwa maharage hakikufai, kwa chapati na mishikaki ndicho. Kivunje vipande vya vidole viwili, usikipange kimefunika kama kofia, hewa haitapita.

Makumbi usiyaingize jikoni. Yafukiza, moto wake wa kulala. Sisi twayawasha magharibi uani kufukuza mbu. Na yale makumbi ya madafu ya barabarani usiyatamani, yamejaa maji, ukiyaweka uani yatakulelea mbu hao hao.

---

mamalishe_keko
Jumamosi, wiki tatu baadaye, saa 2:30 usiku

Nimerudi, wakuu. Msidhani nilikimbia na ushauri wenu.

Debe nilikunjiwa Gerezani kwa 12,000, na vishikio viwili kama sufuria. Siku ya kwanza nilishindilia kama mtu anayepiga godoro, laini laini. Nikavuta chupa, bomba likasimama, nikawasha, moto ukapanda mzuri nikaita watu waje waone. Likapita lori la mbao, ardhi ikatikisika, bomba lote likaporomoka puu! Nilimaliza maharage kwa mkaa, kijana wangu akicheka chini ya meza.

Siku ya pili nilimwita fundi wa vitanda, yule mnene, akashindilia yeye. Tangu hapo ameifanya kazi yake, anasema inampasha mwili asubuhi. Nawasha saa 11 na nusu alfajiri. Moshi upo dakika kumi za mwanzo, wateja hawajafika. Baada ya hapo ukisogeza uso unaona ukuta wa ndani umekuwa mwekundu kama kaa la chuma, unapumua. Saa 3 na nusu maharage yameiva na debe bado lina nguvu ya kuchemsha maji ya ugali. Gunia la mkaa nililonunua siku ya pili ya jiko hili bado lipo, leo siku ya 17, limebaki kama robo.

Majivu namwaga mbali. Nasugulia mchanga na sabuni, japo sasa nachukua kwa karakana ya kwanza tu. Nikikumbuka siku zile roho inanienda mbio.

Matawi ya Chang'ombe yako juu ya matofali chini ya bati. Nimeyapasua. Nitayaona kiangazi kikiisha. @bint_kisauni, vifuu nimepata kwa mkuna nazi wa Tandika, chapati zimenyooka, asante sana dada.

Ila kuna jipya. Fundi wa karakana ya kwanza amekuwa akinitazama navyobeba viroba viwili kila asubuhi, ametulia tu, anakunywa chai yangu. Jana akaniita pembeni. Akasema mama, mambo ni magumu, kuanzia Jumatatu kiroba ni mia tano. Mimi nikamwambia mbona guta ulikuwa unalilipa 3,000 likutupie? Akasema hayo yalikuwa taka.

---

fundi_pipa
Jumamosi, saa 2:41 usiku

Hahaha. Hata vifuu Mbagala vilianza hivyo hivyo, leo nanunua kwa gunia. Mpe mia tano, lakini mwambie kwa bei hiyo misumari atoe mwenyewe, na paini la kijani lisikaribie kiroba chako.

---

mamalishe_keko
Jumamosi, saa 2:55 usiku

Nimempa sharti jingine. Na chai yake kuanzia Jumatatu analipa.